Injinia Aliyebakiza Mwaka Mmoja

Kijiji kizima kilimwita Injinia, na mwenyewe hakulipenda jina hilo hata kidogo. "Injinia ni mtu aliyemaliza," alikuwa akisema. "Mimi nimebakiza mwaka mmoja." Watu walicheka na kuendelea kumwita hivyo hivyo, nami nikiwa mmoja wao. Mpaka leo nikilitaja jina lake la ubatizo naona namzungumzia mtu mwingine, kwa hiyo hapa nitamwita nilivyomzoea.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega yameinama kidogo kwa kuzoea meza na vitabu. Asubuhi za baridi alivaa koti zito la sufu alilorudi nalo kutoka Urusi, na chini ya koti hilo kaptula na kandambili. Jamani, mtu yule! Ukimtazama kutoka kiunoni kwenda juu ulimwona profesa, ukishuka chini ulimwona mchunga mbuzi. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza tulipokuwa tumezoeana, akajitazama miguu kwa makini, akasema, "Kweli kabisa, Mwalimu," na kesho yake akaja vile vile.

Mimi ni mtu wa Biharamulo, Msubi, binti wa Kiislamu wa nyumba ya wakulima. Serikali ilinipeleka Ngara kufundisha Kiswahili katika shule ya kijiji kipya cha ujamaa, na nilipofika kule vilimani nikakuta baridi, migomba, na watu wanaozungumza Kihangaza hata kwenye mkutano wa wazazi, nililia kila jioni. Injinia ndiye mwalimu wa kwanza aliyenijia na kuniuliza kama nimekula. Yeye alikuwa Mhangaza wa hapo hapo, Mkatoliki, mtoto wa pekee wa mama yake. Alifundisha hesabu na sayansi, na alikuwa amewekwa kwa muda tu. Neno hilo "kwa muda" alilitumia mwaka huo, na mwaka uliofuata, na uliofuata huo.

Kule Urusi alikuwa chuo kikuu, akisomea uhandisi wa mitambo ya mawasiliano ya ndege. Si kuendesha ndege, na si kutengeneza injini zake. Hilo alilieleza mpaka mate yakamkauka, na bado wazee walimletea baiskeli zao na mashine ya kusaga ya kijiji. Yeye alisomea jinsi rubani aliye juu ya mawingu anavyosikilizana na mtu aliye chini, jinsi rada inavyoiona ndege ndani ya ukungu, na jinsi vyombo vinavyorushwa mbali kabisa, nje ya hewa yetu, vinavyotuma habari zake duniani. Nilimuuliza ni kitu gani kigumu katika hayo yote. Nilitegemea aseme hesabu.

"Kelele," alisema.

"Kelele zipi?"

"Zote. Za radi, za jua, za mitambo yenyewe. Huko juu kumejaa kelele, Mwalimu, na haziishi. Kazi yetu ni kuhakikisha sauti ya mtu inafika ikiwa bado ni sauti ya mtu."

Nilikuwa msichana bado. Nililala na maneno hayo siku nyingi.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu. Marubani, alisema, hawaitikii "ndiyo" au "sawa" wakiambiwa jambo. Wanalirudia lote kama walivyolisikia, na aliyesema analithibitisha. Basi na yeye ukimtuma duka la ushirika alisimama mbele yako, mikono nyuma: "Chumvi, sabuni ya mche, mafuta ya taa nusu chupa. Thibitisha." Usipothibitisha haondoki. Na ukitoka kwake na ujumbe, lazima uurudie. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa hasira za karibu, aliwahi kumaliza hotuba yake ndefu kuhusu shamba la pamoja, na Injinia akasimama kwa adabu zote akairudia hotuba nzima kwa maneno machache. Ikaonekana hotuba ilikuwa na jambo moja tu: tukutane Jumatano na majembe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyekiti hakucheka.

Watoto ndio waliompenda. Mitihani yake haikuwa ya kuandika. Aliweka vikaratasi vya maswali ndani ya kofia, mtoto akachomoa kimoja, akapewa dakika chache za kufikiri, kisha akasimama mbele ya meza na kujibu kwa mdomo, na Injinia akimchimba taratibu: kwa nini? umejuaje? na kama waya umekatika hapa? Ndivyo walivyomfanyia yeye kule chuoni, alisema, na mara ya kwanza alichomoa swali la antena akasahau lugha nzima ya Kirusi, akamjibu profesa kwa Kihangaza. Profesa alimwacha akamaliza, kisha akamwomba atafsiri. Akampa alama nzuri. Kisa hicho alikisimulia kila alipomwona mtoto anatetemeka mbele ya kofia, na kila alipokisimulia macho yake yalienda mbali, na darasa likajua kunyamaza kidogo.

Na huyu mtu wa ndege, kumbe ndege zenyewe alikuwa akiziogopa! Aliniambia mwenyewe, kwa aibu. Alitapika kwenda na akatapika kurudi. Tena baiskeli hakujua kuipanda, na vitu vilivyokuwa na waya alivitengeneza vyote isipokuwa vyake. Aliwahubiria wenzake kwamba elimu ni elimu, ichukuliwe popote ilipo, lakini mkuu wa shule alipomshauri aombe nafasi Dar es Salaam, kwenye uhandisi wa umeme, alikasirika nusura waache kusalimiana. "Nikasomee balbu?" alisema. "Mimi nimebakiza mwaka mmoja tu." Alikuwa na kiburi, sitamsafisha. Kiburi chake kilikuwa hapo tu, lakini kilikuwepo.

Sasa nieleze alivyokwama. Alirudi kumzika baba yake. Chuo kilimpa ruhusa ya muda mfupi, nafasi yake ikamsubiri. Kwa ukoo wao, mrithi haondoki mpaka matanga yamalizwe, na matanga hayamalizwi mpaka inywewe pombe ya mtama uliotoka kwenye shamba la marehemu mwenyewe. Kwa kawaida hilo si tatizo. Mtu akifa, mtama wake upo ghalani au umesimama shambani, watu wanangoja mwezi, miwili, pombe inanywewa, mrithi anavikwa urithi, kila mtu anakwenda zake. Lakini wakati mzee yule amelazwa kaburini huko upande wa Mabawe ndipo ilipopita Operesheni. Malori yalikuja, watu wakahamishwa na vitanda vyao na kuku wao mpaka kando ya barabara, kwenye kijiji kipya. Ghala lilibomolewa haraka haraka, mtama wa mzee ukachanganyika na wa watu wengine, na shamba likabaki huko nyuma peke yake.

"Nunua mtama sokoni Kibimba," nilimwambia. "Upike pombe, inywewe, uende zako. Nani atajua?"

"Mama atajua."

"Mwambie umetoka shambani kwa baba."

"Mwalimu, mimi nimesomea kufikisha neno bila kuliharibu. Kwa mama yangu ndiyo nianze kuliharibu?"

Kha! Ungemjibu nini mtu wa namna hiyo? Nilimwambia ni mpumbavu, nikaenda kusahihisha madaftari yangu. Lakini nilijua kwamba angekubali kununua ule mtama wa Kibimba, ningemdharau kidogo. Na nilijua pia kwamba kila mvua inayopita bila mavuno kwenye shamba lile inanibakizia Injinia msimu mwingine. Nilimwonea huruma na nikafurahi, yote kwa pamoja.

Basi akalima. Kila Jumamosi aliamka mapema akaenda kwenye lile shamba lililoachwa, akarudi jioni miguu imejaa vumbi. Msimu wa kwanza mtama uliota vizuri, ukatoa masuke, ndege wakaumaliza. Zamani majirani wote walilima pamoja na watoto walikuwa wakifukuza ndege bonde zima. Sasa majirani walikuwa barabarani, na ndege wa bonde zima walikuwa na shamba moja. Msimu wa pili alifunga nyaya kutoka mti hadi mti, akaning'iniza makopo, akatengeneza kigurudumu cha bati kilichozungushwa na upepo ili kiyagonge yale makopo. Nilikwenda kuona. Kilipiga kelele za ajabu, na ndege walikimbia kweli. Nyani hawakukimbia. Walikaa wakasikiliza, kisha wakaingia.

Siku hiyo nilimcheka. Yeye alikaa chini kwenye matuta, koti lake la sufu magotini, akasema, "Chuo kitanisubiri mpaka mwisho wa mwaka huu. Baada ya hapo hapana." Kicheko kikanikauka. Nikakaa naye. Sikumshika mkono ingawa ulikuwa hapo karibu.

Msimu wa tatu alihamia huko kabisa wakati wa masuke, mkuu wa shule akafumba macho, nami nikamshikia vipindi vyake vya sayansi, Mungu anisamehe kwa yale niliyowafundisha watoto kuhusu umeme. Akavuna. Kapu moja, basi. Mama yake alilipokea kapu lile kwa mikono miwili, akaomboleza upya tangu mwanzo. Pombe ikapikwa, wazee wakanywa, Injinia akakalishwa kwenye kiti cha baba yake akapewa mkuki. Mimi Mwislamu nilikaa pembeni na uji wangu. Muda wa chuo ulikuwa umeshapita, lakini wakubwa wa wizarani walimwahidi kumwombea tena, na yeye aliamini. Alianza hata kurudia Kirusi chake, akitembea uwanjani na kitabu.

Ndipo vita vikaanza. Adui alivuka mpaka kule kaskazini mwa mkoa wetu, na habari za safari za masomo zikazimwa zote. Kila shule ilichimba mahandaki. Ndege ikisikika, watoto wanaingia mashimoni vichwa chini, walimu nyuma yao. Injinia peke yake anasimama katikati ya uwanja, shingo juu, anasikiliza. Nilimvuta koti mpaka kifungo kikang'oka. "Inapita mbali," alisema. "Hebu sikia." Nilitaka kumzaba kofi.

Haikupita muda wakamkamata. Shuleni tulikuwa na redio ya kusikiliza taarifa ya habari, na kwa kuwa vilima vyetu vinazuia mawimbi, Injinia alikuwa ametandaza waya mrefu kutoka kwenye paa la darasa hadi kwenye mkaratusi. Waya ulikuwepo siku zote, hata nguo tulianika juu yake. Sasa Kamanda wa mgambo wa kijiji akautazama kwa jicho la vita. Wakamchukua Injinia asubuhi, wakamkalisha kwenye ofisi ya kijiji, na watu tukajaa mlangoni.

"Huu waya unazungumza na nani?" Kamanda aliuliza.

"Hauzungumzi. Unapokea tu."

"Unapokea kutoka kwa nani?"

"Kwa yeyote anayerusha mawimbi."

"Hata adui?"

Mtu mwingine yeyote angesema hapana. Injinia alifikiri. "Kama yuko kwenye masafa hayo," alisema, "hata adui."

Loh! Chumba kilipiga kelele. Kamanda akasimama. Na yeye, badala ya kunyamaza, akaanza kumweleza urefu wa wimbi. Mama yake alikuwa ameshafika na kigoda chake. Akakiweka katikati ya mlango akakaa. "Kama huyu ni mperelezi," alisema, "mimi ndiye niriyemzaa. Nifungeni na mimi, nimechoka hata kurima."

Nikaona hapa tutaharibikiwa. "Kamanda," nikasema, "shikamoo. Jana jioni ulisikiliza wapi taarifa ya habari?"

"Marahaba. Hapo shuleni."

"Na juzi?"

"Hapo hapo."

"Basi waya wenyewe ndio huo. Ukikatwa, leo tutakuja kwako utusimulie vita vimefika wapi."

Alisimama akikuna kidevu. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu, na Kamanda mwenyewe akacheka mwisho. Wakamwachia. Nje Injinia aliniambia kwa upole kwamba jibu langu halikuwa la kitaalamu. Nilimwambia apotelee mbali.

Lakini habari zake zilifika wilayani, na wilayani zikavuka. Wakamchukua kwenda Biharamulo kwenye chumba cha simu ya upepo, kupokea na kupeleka habari za vita. Aliondoka akiwa na furaha, alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kwake. Hatimaye mitambo! Alirudi vita vilipokwisha, amekonda, na mwezi mzima hakuturudishia maneno wala kutudai tuthibitishe. Siku moja tukisahihisha madaftari alisema bila kunitazama, "Nilikuwa nawasikia watu wakiitana. Anaita, anaita. Kelele hazikuwepo kabisa, masafa yalikuwa safi. Na mwenzake haitikii." Kisha akachukua daftari jingine.

Jibu la Urusi nalo lilikuja baada ya hapo, kupitia wizarani. Masomo aliyosoma yalikuwa yamepitwa na wakati. Arudie yote tangu mwanzo, na nafasi hizo sasa ni za vijana. Alituambia ofisini kwa sauti ya kawaida, kisha akaenda darasani na kofia yake ya maswali. Sikumwona akilia. Nililia mimi, chooni, kwa ajili yake, na tena kwa ajili yangu, maana nilikuwa nimeelewa kwamba mtu yule hatanioa kamwe akiwa amebakiza mwaka. Haikuwa dini. Dini tungezungumza na wazazi. Alikuwa anajiona hajafika popote pa kumkaribisha mtu.

Nilihamishiwa kwetu Biharamulo. Alinibebea sanduku mpaka barabarani, tukasubiri lori la kahawa, akanieleza habari za mvua. Miaka ikaenda. Nilipata wachumba, nikawarudisha kwa visingizio mpaka mama yangu akachoka kuniuliza. Kijiji kile cha barabarani kilipungua, watu wakarudi mmoja mmoja kwenye mashamba yao ya zamani bila mtu kuwauliza.

Asubuhi moja, nikiwa uani ninapepeta mchele, akapiga hodi. Nywele zilikuwa zimejaa mvi. Amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu, viatu kweli. Nikamkaribisha ndani, nikamwekea chai, nikamwaga nyingine kwenye sahani.

"Mama amefariki," alisema. "Alikataa nimkalie matanga. Alisema nikishamzika tu niondoke."

"Innalillahi. Unaondoka kwenda wapi?"

"Dar es Salaam. Uhandisi wa umeme. Mwaka wa kwanza."

"Na watoto wadogo?"

"Na watoto wadogo. Anayefundisha mawasiliano ni kijana niliyemfundisha mimi, yule aliyekuwa akikaa dirishani. Ndiye aliyenitafutia nafasi." Alicheka. "Nitamwamkia darasa likiwa limesimama."

Nilicheka naye. Kiburi kile kilikuwa kimekwisha, nikampenda upya kabisa. Kisha akaacha kucheka, akashika kikombe.

"Nimepita hapa makusudi. Hapa sekondari wanahitaji mwalimu wa fizikia, nimeshawauliza, wako tayari. Basi la Mwanza linaondoka saa nne. Ukiniambia nibaki, Mwalimu, nitabaki. Na nitafurahi."

Hakuwa mwongo, angefurahi. Neno hilo nilikuwa nimelingoja ujana wangu wote, na sasa lilikuwa mezani, juu ya kitambaa changu cha maua. Nilitaka abaki. Nilitaka kumwona asubuhi na kaptula yake, nitake nisitake. Lakini alipokuwa akitaja darasa uso wake ulichangamka, na alipotaja kubaki aliangalia kikombe.

"Kunywa chai upesi," nikamwambia. "Saa nne imekaribia, na basi la Mwanza halisubiri mtu."

Alinitazama. Akanywa mafunda mawili matatu, akajiunguza, akasimama. Sikumsindikiza; nilisema nina mchele. Nilibaki mlangoni mpaka honi ikalia kule stendi na mlio wa basi ukapotea upande wa Mwanza. Kisha nikaketi kwenye kiti alichokuwa amekalia, nikainywa chai aliyoiacha. Ilikuwa imepoa, na sukari yote ilikuwa chini, hakuwa ameikoroga.